Mpira wa Godoro na Watoto wa Chumba cha Nyuma

Siku ya kuniaga, wenzangu walileta keki iliyoandikwa kwa sukari juu yake: PUMZIKA VEMA, MSTAAFU. Nilipoiona kwa mbali nilidhani kuna mtu amekufa. Mstaafu mwenyewe hajafikisha miaka ishirini na mitano na meno yake yote yapo. Naacha kazi kwa sababu naolewa Kuluba, na hakuna mtu anayeweza kutoka Kuluba hadi Arua kila siku, akaruka kamba na watoto mchana kutwa, kisha akarudi kulima.

Sista Zubeda amesema niwaandikie ninyi wawili mnaobaki na chumba cha nyuma. Alijua hamtanisikia kwa njia nyingine. Kusimama mbele ya watu na kusema siwezi. Hata nilipoambiwa nikate keki, niliichukua nikaenda kuikatia jikoni. Kuandika nako kunakwenda polepole, maana shule yangu iliishia darasa la saba, lakini karatasi hainitazami usoni.

Nilianza kama mfagiaji. Nilikuwa natoka kwetu Dadamu asubuhi, nafagia kliniki, napiga deki, namwagilia uwanja wa nyuma ili vumbi jekundu lisiingie kwa wagonjwa. Sista Zubeda ni muuguzi aliyesomea mazoezi ya viungo. Ni Mnubi wa hapahapa Arua, mwembamba kama fito, na sauti yake inaweza kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Madaktari walikuwa wanamletea watoto waliozidiwa na uzito. Wengine magoti yaliwauma, wengine walihema wakipanda ngazi, wengine sukari ilikuwa imeanza kuwasumbua. Hao ndio watoto wa chumba cha nyuma.

Nilipowaona mara ya kwanza walikuwa wamekaa wamebana migongo ukutani kama wanaosubiri sindano. Mimi nilikuwa napita na ndoo yangu.

"Ayikoru, weka ufagio," Sista akasema. "Njoo ushike kamba."

"Sista, mimi sijui kufundisha."

"Nani amesema ufundishe? Shika kamba."

Upande mmoja aliufunga kwenye nguzo, upande wa pili akanipa mimi. Nikazungusha. Nikazungusha mpaka mkono ukatetemeka. Hakuna mtoto aliyeinuka. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, lakini Sista alikuwa amekaa kwenye ngazi anakunywa chai yake, ametulia kabisa.

"Leo wameangalia kamba," akaniambia jioni. "Kesho wataisogelea. Wewe zungusha tu."

Kesho yake hawakuisogelea. Walichukua muda. Lakini aliyekuja kwanza alikuja mwenyewe, na tangu hapo sijawahi kumvuta mtoto mkono.

Jambo la kwanza alilonifundisha Sista, nami nawapa ninyi kama alivyonipa, ni hili: mtoto anapofika kwetu, ameshafundishwa kwamba kukimbia ni adhabu. Akichelewa shuleni, anazungushwa uwanja. Akipiga kelele, anarushwa kichura. Halafu anakuja huku mtu mzima anamwambia kwa tabasamu, "Haya, tukimbie kidogo." Mtoto anajiuliza amekosa nini. Ndiyo maana hatuna filimbi. Filimbi ni ya mwalimu na ya polisi. Ndiyo maana pia hatuhesabu kwa sauti mtoto akiruka, maana akianza kusikia hesabu anaanza kusubiri mwisho wake.

La pili ni mizani. Iko chumba cha ndani, imefunikwa kitambaa, na anayeigusa ni Sista peke yake. Mtoto anapimwa akiwa ametazama dirisha. Kinachosomwa pale anaambiwa mama yake, mlango ukiwa umefungwa. Mtoto mwenyewe tunamwuliza mambo mengine: umelala vipi, umekula na nani, nani amekuchekesha jana. Mwanzoni niliona ni maswali ya kupitisha muda. Baadaye niliona kwamba Sista anayasikiliza majibu hayo kwa makini kuliko anavyosoma mizani. Usingizi hurudi kwanza. Kisha mtoto anaanza kula mbele ya watu badala ya kula amejificha. Kisha anaanza kugombana na wenzake, na hapo Sista anafurahi kama amepata mjukuu. Uzito unakuja nyuma kabisa, pole pole, na kwa watoto wengine unakuja kidogo tu. Msije mkaukimbilia mkaacha vile vingine.

La tatu nililigundua mwenyewe, nalo ni mpira. Mpira wa watoto wetu wa mtaani mnaujua: mifuko ya plastiki, yale makavera, na matambara, umefungwa kwa nyuzi za mgomba, mgumu kama jiwe. Mtoto aliyezoea kupigwa na mpira huo akiuona tu anafumba macho. Nilichukua sponji ya godoro kuukuu, nikaikata, nikaifunga ndani ya soksi mbili. Ukikupiga unasikia kama umeguswa na paka. Watoto wakauita mpira wa godoro. Sista aliuminya, akanitazama, akasema, "Hili godoro la nani?" Lilikuwa lake.

Mtakutana na magolikipa. Kila mtoto mnene wa Arua ameshawahi kuwa golikipa, si kwa kupenda, ila kwa sababu wenzake walimwambia asimame pale azibe. Kaka wawili walikuja kwetu, na nilipoweka mawe mawili ya goli wote wawili wakaenda kusimama katikati yake wakisukumana. Hawakujua kuna pahali pengine pa kusimama. Ilichukua muda mrefu kabla mmoja wao hajathubutu kufika upande wa pili wa uwanja, na alipofunga bao lake la kwanza alirudi mbio golini kwake kumwambia ndugu yake, kama vile amevuka mpaka akaona nchi nyingine.

Mtakutana pia na wazazi. Hapa kwetu unene wa mtoto ni sifa ya baba. Asubuhi mama wa sokoni anamfinya mtoto shavu, anamwambia, "Tajiri mdogo! Baba yako anafanya vizuri!" Saa nne, wakati wa mapumziko, wenzake wanamwita ng'ombe wa Krismasi. Mwili ni uleule. Mtoto anarudi nyumbani hajui yeye ni tajiri au ni ng'ombe, na hakuna wa kumwuliza.

Sasa nawaambia habari za Kiden, maana ndiye mtoto mgumu wa mwisho kupita mikononi mwangu.

Kiden alikuwa wa darasa la tano, Mkakwa wa Koboko, binti wa mfanyabiashara ambaye mji wote ulimwita Bosi Taban. Mama yake alimleta Arua wakati wa likizo akae kwa shangazi yake, ili aweze kuja kwetu. Alikuwa amekataa shule. Kila asubuhi tumbo lilimwuma mpaka kengele ya shule ipite, kisha linapona. Usiku mama yake alikuwa anamkuta amekaa kitandani, macho wazi. Na mchana, hata jua liwe kali kiasi gani, alivaa sweta nene la kijivu, amelivuta mpaka magotini.

"Baba yake amesema basi," mama yake alimwambia Sista mlangoni, mimi nikiwa napanga kamba. "Amesema akae dukani na yeye. Shule ikifunguliwa, kama bado analia, hatarudi tena."

"Na wewe unasema nini, Mama Kiden?"

"Mimi nimemleta kwako. Ndiyo nimesema."

Sista akamtazama Kiden, akanitazama mimi. "Huyu Ayikoru haongei," akamwambia mama. "Na huyu wako haongei. Wataelewana."

Tukakaa kwenye ngazi, yeye ngazi ya juu na mimi ya chini. Mimi nilikuwa sina la kusema, kwa hiyo nilimviringishia mpira wa godoro. Akaurudisha kwa mguu bila kuutazama. Tulifanya hivyo mpaka shangazi yake akaja kumchukua. Siku zilizofuata tukafanya vilevile. Kisha nikaanza kumrushia kidogo juu, naye akawa anaudaka. Watoto wengine walikuwa wanaruka kamba mbele yetu, hawakutujali.

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Wewe unarusha kama bibi."

Nilishtuka. Kisha nikacheka. Naye akaficha mdomo ndani ya sweta, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Tuliongea Kiswahili kwa sababu mimi ni Mlugbara, yeye Mkakwa, na Sista anazijua lugha zetu zote mbili lakini hutugombeza kwa Kiswahili. Taratibu Kiden akanieleza. Ilianzia kwenye mchezo wa kwepena. Mnaujua: wawili wanarusha mpira, mmoja huku mmoja kule, na aliye katikati anakwepa huku anajaza chupa kwa mchanga. Chupa ikijaa kabla hajapigwa, ameshinda. Shuleni kwao wasichana walimwita katikati. Kulikuwa na mmoja anaitwa Joan, mrushaji hodari, akageuka akarusha mpira akiwa amefumba macho. Ukampiga Kiden. Joan akasema, "Mnaona? Huyu si lazima kumlenga. Huyu ni mlango wa duka."

Tangu siku hiyo jina likawa Mlango. Mlango, fungua. Mlango, funga. Mwalimu mmoja alicheka. Kiden alisema hilo la mwalimu mwishoni, kwa sauti ndogo sana, na ndilo nililoona limekaa ndani kuliko yote.

Nilimpelekea Sista maneno hayo. Akafikiri. "Basi tutacheza kwepena," akasema.

"Sista, ndiyo inayomtisha."

"Ndiyo sababu."

Hatukumweka katikati. Nawaomba mlishike hili. Tulimweka kuwa mrushaji. Mtoto ambaye amekuwa akipigwa, mpeni mpira kwanza. Magolikipa wetu wawili waliingia katikati, na Kiden akaanza kurusha. Mkono wake ulikuwa na nguvu ambayo hakuna aliyeijua, hata yeye. Alikuwa anakimbia kuuokota mpira, anarudi, anarusha, anakimbia tena, na hakujua kwamba anafanya mazoezi. Alijua tu kwamba wale kaka wawili lazima watoke. Katikati ya mchezo akasimama, akavua sweta, akalitupa kwenye ngazi, akaendelea. Sista alinishika mkono nisiseme kitu. Hakuwa na haja, maana ni lini mimi nimesema kitu?

Baadaye aliingia katikati mwenyewe, bila kuitwa. Hapo nikamwonyesha nilichokijua tangu utoto wangu Dadamu: usiangalie mpira, angalia bega la anayerusha. Bega linasema kabla ya mkono. Mtoto mzito si lazima awe na mbio za kupita wengine; akijua mapema, hatua moja inatosha. Kiden alilishika hilo haraka kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwonyesha. Alikuwa msichana wa kutazama watu. Aliyekaa pembeni muda mrefu amejifunza kutazama.

Likizo ilipokaribia kwisha nikaanza kuubadilisha mpira. Kila baada ya siku kadhaa nilitoa sponji kidogo, nikaongeza matambara, nikakaza nyuzi. Sikumwambia mtu. Mpira wa godoro ukawa mgumu polepole mpaka ukafanana na ule wa shuleni, na watoto wangu wakaendelea kuukwepa kama zamani. Kiden peke yake aliuminya, akanitazama, akasema, "Ayikoru, godoro limekwisha?" Nikamwambia limekwisha. Akatikisa kichwa, akaurusha juu, akaudaka.

Alikuwa ameanza kulala. Alikuwa anakula mezani kwa shangazi yake na kuomba chumvi. Na mwili nao ulikuwa umepungua kidogo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Alikwenda Koboko kuwasalimia wazazi kwa siku chache. Aliporudi, baba yake alikuja naye. Gari lilisimama nje, na Bosi Taban akaingia uwanjani bila hodi, mtu mkubwa, mrefu na mpana, viatu vya ngozi vinang'aa, mkewe na Kiden nyuma yake.

"Sista! Iko wapi hii mutu inapunguza mutoto yangu?"

Mimi nilikuwa naanika mashuka. Nikasimama nyuma ya shuka.

"Karibu, Bosi," Sista akasema. "Kaa kwanza."

"Hapana kaa! Mimi nimekuja kusema. Watu ya Koboko nasema biashara yangu imekufa. Wanaangalia mutoto, wanaangalia mimi, wananipa pole. Pole ya nini? Duka iko imejaa mpaka mlangoni!"

"Nani amekupa pole?"

"Wote! Mwuza samaki amenipa pole. Jirani ameleta kuku. Anasema, Bosi, chemshia mutoto supu, tunajua wakati ni mbaya. Kuku! Kuletea mimi, Taban!"

"Ukamrudishia?"

Bosi Taban akakuna shingo. "Tulikula," akasema.

Mama Kiden akageuka upande kuficha uso. Sista hakucheka. Alivuta kiti, akakipangusa kwa kanga yake, na yule bwana akakaa bila kujua kwamba amekaa.

"Bosi, nikuulize. Mtoto analala?"

"Analala."

"Zamani alilala?"

Akatazama viatu vyake. "Zamani hapana. Zamani mama yake alikuwa anakaa na yeye mpaka asubuhi."

"Anaongea na wewe?"

"Anaongea! Anaongea kupita kiasi! Juzi nimesema, Kiden, leta maji. Amenijibu, Baba, miguu yako iko."

"Mwambie na ile ingine," Mama Kiden akasema.

"Ipi?"

"Unajua ipi."

Bosi Taban akakohoa. Sauti ikashuka, na yule mtu mkubwa akawa kama anayesema siri. "Anaimba. Akioga, anaimba. Mimi nimesimama inje ya bafu nikasikiliza. Nilikuwa nimesahau sauti yake."

Mimi nyuma ya shuka nilisahau hata kushika vibanio, shuka likaanguka, nikaonekana.

"Sawa," Bosi akasema, akajikaza tena. "Mazoezi, sawa. Lakini shule hapana. Mimi hapana peleka mutoto kuchekwa. Duka iko. Pale nani atamcheka? Mimi ndio Bosi."

"Hakuna atakayemcheka," Sista akasema. "Na nani atacheka naye?"

Aliyejibu alikuwa Kiden. Alikuwa ameokota mpira, amesimama upande wa pili wa uwanja, miguu imepanuka.

"Baba, ingia kati."

"Kati ya nini?"

"Kwepena. Wewe unaogopa kuchekwa. Ingia."

"Mimi ni mzee, bwana. Mimi nimevaa viatu."

"Vua."

Hakuvua, lakini aliingia. Nadhani alitaka kumfurahisha kisha aondoke. Sista akaniita, "Ayikoru, rusha huku!" na mimi, ambaye hata kumsalimia Bosi nilikuwa nimeshindwa, nikajikuta nimesimama na mpira mkononi. Nikarusha. Nikampiga Bosi Taban tumboni. Tumbo likalia kama ngoma. Watoto wote walilala chini kwa kicheko, naye mwenyewe akashika tumbo, akapaza sauti, "Mnaniua! Tena! Rusha tena!" Kiden akarusha, akampata mgongoni. Aliruka, akateleza, akainuka na vumbi jekundu kwenye suruali, akakimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Alipotoka alikuwa anahema mpaka mkewe akampepea kwa kanga.

"Sasa watasema," akasema kati ya pumzi, "Bosi naye anakonda. Kweli amefilisika."

Alikunywa chai yetu yote. Kabla ya kuondoka akasimama mbele ya Sista. "Siku ya kufungua shule, mnakuja Koboko. Mimi nasimama getini. Kama mutoto analia, hata kidogo, namchukua dukani, na hii maneno imeisha. Sawa?"

"Sawa," Sista akasema. Baadaye, gari lilipokwisha kuondoka, alikaa kwenye ngazi na nikaona anainua mdomoni kikombe ambacho hakina chai.

Siku ya kufungua tulifika Koboko mapema. Bosi Taban alikuwa getini tayari, amevaa shati jeupe, funguo za duka mkononi, anazigeuzageuza. Mama Kiden alikuwa amemshika binti yake bega. Kengele ilikuwa bado. Uwanjani kulikuwa na kelele za watoto wanaosalimiana baada ya likizo, na katikati ya uwanja, bila shaka, wasichana walikuwa wanacheza kwepena.

Kiden alitoka mikononi mwa mama yake, akaingia getini peke yake. Sare ilikuwa imemlegea kidogo mabegani. Hakuwa mwembamba, msije mkafikiri hivyo. Alikuwa Kiden, mkubwa kuliko wenzake wote wa darasa. Alitembea mpaka karibu na mchezo, akasimama.

Msichana mrefu mwenye mpira akageuka. Sikuhitaji kuambiwa kwamba huyo ni Joan.

"Eh! Mlango amerudi!" akasema. "Mlango, ulifungwa wapi?"

Wasichana wakacheka. Mkono wa Bosi Taban ukashika chuma cha geti. Kiden alikuwa ametugeuzia mgongo, hatukuona uso wake. Tuliona tu mabega, na yalikuwa yametulia.

"Chupa iko wapi?" Kiden akauliza.

"Chupa ya nini?"

"Ya mchanga. Naingia."

"Wewe? Utapigwa sasa hivi."

"Rusha basi. Unaongea kama redio."

Wasichana wakapiga kelele ya "Eee!" wakasogea kufanya nafasi. Kiden akachukua chupa, akachuchumaa katikati, akaanza kuchota mchanga kwa kiganja. Joan akarusha kwa nguvu. Kiden akasogea, hatua moja tu, mpira ukapita. Msichana wa upande wa pili akaudaka, akarusha. Kiden akainama. Akachota. Joan akarusha tena, kwa hasira sasa, chini, usawa wa miguu, na Kiden akaruka. Sikuwa nimemwona akiruka juu hivyo hata kwetu. Alipotua, mchanga ulimwagika kidogo, naye akasema, "Aa, wewe, unanimwagia!" akarudi kuchota.

Wale waliokuwa wanacheka walikuwa wameanza kupiga makofi. Kwanza wawili watatu, kisha wavulana wakaacha mpira wao wakaja. Joan alirusha mpaka akateleza, akakaa chini kwa kishindo, na Kiden badala ya kuchota alisimama akamngoja ainuke. Sijui hilo alifundishwa na nani. Halikuwa letu.

Chupa ikajaa. Kiden akaiinua juu ya kichwa, akaigeuza, mchanga ukamwagika wote kwenye nywele zake, na uwanja mzima ukalipuka.

Joan alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anahema. Alimtazama Kiden muda. "Umekula nini huko Arua?" akasema. "Mapumziko uko upande wangu. Usiende na wale."

"Nitaangalia," Kiden akajibu, na nikajua amepona kuliko hata mizani ya Sista ingeweza kusema.

Kengele ikalia. Watoto wakakimbia kupanga mistari, na Kiden akakimbia nao, anajikung'uta mchanga, Joan anamwambia kitu sikioni, wote wawili wanacheka. Mistari ikaingia darasani. Mlango wa darasa la sita, darasa lake jipya, ukafungwa.

Bosi Taban alikuwa ameinua mkono wa kuaga. Ulibaki juu, hauna wa kumpungia.

"Hakutuaga," akasema. "Sista, mutoto hakutuaga!"

"Hakuaga," Sista akasema, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Ametusahau kabisa, Bosi. Alhamdulillahi."

Yule bwana alisimama kidogo, akacheka, akapenga kamasi, akaanza kurudi mjini kwa miguu, gari lake likiwa limeachwa hapo getini. Sisi tulimfuata nyuma na Mama Kiden. Pale kwenye njia panda ya soko, yule mwuza samaki aliyempa pole alikuwa anapanga samaki wake. Alimwona Bosi anakuja bila Kiden, akaweka uso wa huruma.

"Bosi, mutoto iko wapi? Bado anaumwa?"

Bosi Taban hakusimama. Alijibu akiwa anatembea, kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa soko:

"Iko darasani!"